Siti binti Saad na Mafunzo ya Sikio

Katika mpango wa masomo ya mbinu za kufundishia, muziki hupewa nafasi ndogo, na kusikiliza muziki hupewa nafasi ndogo zaidi. Aghalabu husadikiwa kwamba kusikiliza ni jambo la asili lisilohitaji mafunzo. Mwenye masikio husikia, na asiyeweza kufuatisha sauti huhesabiwa kuwa hakujaliwa. Kwa imani hiyo walimu wengi wa shule za msingi huwagawa watoto makundi mawili tangu wiki ya kwanza, wenye sikio na wasio na sikio, na wale wa kundi la pili huambiwa wachezeshe midomo bila kutoa sauti wakati kwaya inapoimba mbele ya wageni. Mtoto aliyeambiwa hivyo akiwa darasa la pili hukaa na hukumu hiyo mpaka uzeeni.

Ili kuipima imani hiyo, nimeona vyema tuyatazame maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake kila mwanachuo amekwisha kulisikia, ingawa si wote wanaojua jinsi alivyojifunza kazi yake. Huyo ni Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja. Sisi wa Mpanda tuna haki ya kumtaja kwa ukaribu kidogo, maana asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi, jirani zetu wa upande wa Tabora, na mama yake asili yake ilikuwa Mzigua. Wazee wake wote wawili, hata hivyo, walizaliwa Unguja, katika zama ambazo watu wa bara walichukuliwa pwani kwa nguvu na vizazi vyao vikabaki huko.

Alizaliwa mnamo mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja. Jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa, na jina hilo lilieleza hali ya wazazi wake, kwa kuwa utumwa ulikuwa bado halali kisiwani. Ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1897, yeye akiwa msichana wa miaka kumi na saba hivi. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, lilikuja baadaye, na lilikuja kwa sababu ya muziki. Hakupata kusoma shule. Alichofundishwa na mama yake ni kufinyanga vyungu, kisha kuvichukua kichwani mpaka mjini na kuvitembeza mitaani huku akiviita kwa sauti ili wanunuzi watoke majumbani.

Waandishi wengi wanaozungumzia ujana wake husema kwamba sauti yake ilipata nguvu kwa kunadi vyungu. Sina ubishi nao, lakini naona wanaupita upesi mno ufinyanzi wenyewe. Mwalimu mwanafunzi yeyote aliyekulia kijijini amemwona mfinyanzi akikipigapiga chungu kilichotoka motoni kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima hulia. Chenye ufa, hata ufa usioonekana kwa jicho, hutoa mlio uliokufa. Mnunuzi asiyewahi kufinyanga anaweza kusimama pale pale, akasikia mlio ule ule, asitambue lolote. Masikio yao hayana tofauti. Mmoja ameuzoea udongo kwa mikono yake, na mikono hiyo ndiyo iliyolifunza sikio lake cha kutafuta. Hilo ndilo jambo lote ninalotaka kulieleza kuhusu muziki, na Siti alikuwa amekwisha kulipitia katika kazi nyingine kabla hajaimba mbele ya udi.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Hapa ndipo penye jambo la kutuzuia sisi walimu: alikuwa na umri wa miaka thelathini na zaidi. Sauti alikuwa nayo, na nyimbo za ngoma na za kazi hapana shaka alizijua kama kila mtu wa kijijini alivyozijua, lakini muziki wa taarabu hakuwa amefundishwa. Muziki huo ulikuwa na makao yake kwa wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga ala, na aliporudi wakaanzisha kundi la kuburudisha jumba la kifalme. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kingali hai hata leo. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, waimbaji walikuwa wanaume, na wasikilizaji walikuwa watu wa daraja fulani. Mwanamke mchuuza vyungu, mzaliwa wa utumwa, hakuwa na kiti mahali hapo.

Aliyemfungulia mlango ni Ali Muhsin, mpigaji ala katika moja ya makundi ya taarabu. Aliisikia sauti yake, akajitolea kumfundisha kuimba pamoja na ala. Maneno hayo, kuimba pamoja na ala, ni mepesi kuandika, nasi hatuna budi kuyafungua tuone yana nini ndani yake.

Udi ni ala ya nyuzi ambayo shingo yake ni laini, haina vigingi vya kuonyesha kidole kikae wapi. Fidla nayo ni vivyo hivyo. Mpigaji hutafuta sauti kwa kidole na kuithibitisha kwa sikio. Tena, ngazi za muziki wa Kiarabu zina sauti zilizo katikati ya zile zinazopatikana kwenye kinanda, ndogo kuliko nusu ya hatua ya Kizungu, na mwimbaji aliyezoea nyimbo nyingine huzipita bila kujua kama zipo. Mwimbaji wa taarabu hawezi kuimba juu ya ala kama anayeimba akiwa njiani peke yake. Yampasa aungoje utangulizi wa ala umalizike, atambue ni ngazi gani iliyowekwa, aingie mahali pake katika mapigo, ashike ubeti, auachie udi ujibu, kisha aurudie mstari kwa namna nyingine bila kuvunja mapigo. Katika muda wote huo sikio lake linafanya kazi mbili, kujisikiliza mwenyewe na kuwasikiliza wenziwe.

Mtu aliyeketi sebuleni akinywa kahawa husikia wimbo mmoja. Aliyepata kufanya kazi hiyo, hata kwa wiki chache tu, husikia mazungumzo ya watu wanne au watano. Naamini kwamba hapo ndipo Siti alipopata kuwa Siti, katika miezi ile ya kukaa mbele ya udi akijifunza mahali pa kunyamaza.

Jambo hili limekuja kuthibitishwa na wataalamu kwa njia zao. Mwaka 2007 watafiti Amir Lahav, Elliot Saltzman na Gottfried Schlaug walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya nchini Marekani. Waliwachukua watu wasiojua muziki, wakawafundisha kwa siku chache kupiga wimbo mmoja kwenye kinanda kwa kusikia tu, bila noti. Kisha waliwalaza ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawasikilizisha wimbo ule, mikono yao ikiwa imetulia. Sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo wa mikono ziliamka. Waliposikilizishwa wimbo mwingine, ambao walikuwa wameuzoea sawasawa kwa kuusikia lakini hawakuwahi kuupiga, sehemu hizo hazikuamka vile. Kwa maneno mengine, aliyetenda husikiliza kwa mwili, na tofauti hiyo hupatikana kwa siku chache, wala hailetwi na kipaji cha kuzaliwa.

Turudi Unguja. Ali Muhsin alimjulisha Siti kwa wanamuziki wengine, na kidogo kidogo kikaundwa kikundi ambacho majina yake hayakusahauliwa: Mbaruku, Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo na Maalim Shaaban. Siti aliitwa kuimba katika majumba ya wenye vyeo na hata mbele ya Sultani. Hata hivyo sehemu ya maisha yake yenye faida kubwa zaidi kwetu ni ile iliyopita nyumbani kwake Ng'ambo, upande wa mji waliokaa watu wa kawaida, wengi wao vizazi vya watumwa. Hapo kikundi kilikutana usiku kufanya mazoezi, na majirani walikuja kusikiliza. Nyimbo zilikuwa za Kiswahili. Zilizungumza habari za mapenzi, na pia zilizungumza habari za mahakamani na za mitaani ambazo kila msikilizaji alizijua. Mmojawapo, wimbo wa Kijiti, ulihusu mauaji ya mwanamke. Mtuhumiwa alitoroka kwenda bara, na wanawake walioitwa kutoa ushahidi wakaishia wao kufungwa. Waliokuwapo hawakuhitaji mkalimani.

Mwalimu aangalie vizuri hali ya nyumba ile. Wageni walikuja kwenye mazoezi, si kwenye onyesho lililokwisha kutengenezwa. Waliusikia mstari ukiimbwa, ukikataliwa, ukibadilishwa na kuimbwa tena. Waliitikia kiitikio, na mwenye kuitikia hana budi kujua zamu yake inakuja lini. Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba Ng'ambo ilikuwa na wasikilizaji bora kuliko jumba la mfalme, ijapokuwa wa jumbani walikijua Kiarabu cha nyimbo walizoimbiwa. Wa Ng'ambo walikuwa wameingizwa ndani ya kazi yenyewe.

Sasa, mwanachuo atakayepelekwa mazoezi ya kufundisha Mlele, Nsimbo au Tanganyika atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwamba udi atautoa wapi, na wanafunzi sabini atawaweka wapi. Jibu ni kwamba haimpasi kwenda kutafuta udi, kwani mkoa wa Katavi una muziki wa kumtosha. Wako Wapimbwe, Wakonongo na Wabende, na pia Wafipa na Wanyamwezi. Wako Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, wakaja na bugobogobo, ngoma ya majembe inayochezwa kwa mapigo ya kazi ya shambani. Wako pia watu wa asili ya Burundi, waliopokelewa Katumba na Mishamo baada ya machafuko ya mwaka 1972, na ambao wengi wao sasa ni raia wenzetu. Mara nyingi watoto wa makundi haya yote hukaa dawati moja.

Nachukua mfano wa ngoma za Kirundi kwa kuwa ndizo zinazosemwa vibaya zaidi na wasiozijua. Mgeni akizisikia husema ni kelele tupu, ngurumo isiyo na kichwa wala miguu. Kumbe zina mpango ulio wazi kabisa. Ngoma moja huwekwa katikati, nayo huitwa inkiranya. Hiyo ndiyo inayoongoza. Zipo amashakwe, ambazo hushika pigo lisilobadilika kutoka mwanzo hadi mwisho. Zipo ibishikizo, ambazo humfuata yule wa katikati popote anapokwenda. Mwenye kujua hayo kwa kuelezwa tu hapati msaada mkubwa. Mwenye kupewa kazi ya amashakwe kwa dakika kumi hupata masikio mapya.

Mwalimu afanye hivi. Kwanza apige au awasikilizishe wanafunzi kipande kifupi cha ngoma, hata kwa simu yake ya mkononi, na awaulize wamesikia nini. Aandike majibu yao ubaoni bila kuyasahihisha. Watasema ni ngoma nyingi, ni haraka, ni kubwa. Kisha aligawe darasa. Nusu yao wapige madawati kwa viganja, pigo moja lisilobadilika, taratibu. Wachache wenye makopo wapewe mapigo ya kiongozi, mafupi na yanayogeuka, na wengine wawafuate kwa kupiga makofi. Wataharibu, na kuharibu kwao ndiko kutakakowafanya waanze kusikilizana, kwani anayeshika pigo moja atavutwa na yule anayebadilisha, naye itampasa ajizuie. Wabadilishane zamu mpaka kila mmoja awe amekaa kila mahali. Mwisho, na hii ndiyo sehemu ambayo walimu huiacha kwa kuishiwa na muda, mwalimu arudie kuwasikilizisha kipande kile kile cha mwanzo na kuwauliza tena swali lile lile. Majibu ya pili yaandikwe kando ya yale ya kwanza. Tofauti kati ya safu hizo mbili za ubaoni ndiyo kipimo cha somo, na hakuna mtihani mwingine unaohitajika.

Na yule mtoto asiyeweza kufuatisha sauti? Hapa Ali Muhsin na wenziwe wanatufundisha jambo ambalo ni la kawaida kwao. Mpiga udi hamlazimishi mwimbaji kuipanda sauti isiyomfaa. Hulegeza au hukaza nyuzi zake mpaka zilingane na koo la mwimbaji. Mwalimu naye aanze hivyo. Mtoto atoe sauti yoyote aliyo nayo, ya chini au ya juu, na mwalimu aende kwake, aiimbe sauti ile ile mpaka mtoto asikie jinsi sauti mbili zinavyokuwa moja. Hisia hiyo ya kukutana, akiipata mara moja, hataisahau. Halafu mwalimu apande hatua moja ndogo, na mtoto amfuate. Kazi hii hutaka uvumilivu wa wiki kadhaa, dakika mbili mbili, ikiwezekana pembeni bila wenzake kucheka. Wengi wa wale wanaoitwa hawana sikio hupona kwa njia hii, kwa sababu hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wakitakiwa kufika mahali ambapo hawajaonyeshwa njia.

Mwaka 1928 Siti na kikundi chake walipanda meli kwenda Bombay, nchini India, kurekodi nyimbo kwa kampuni ya Gramophone, ile yenye chapa ya His Master's Voice. Walikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na Siti ndiye mwanamke aliyetangulia wenzake wa Afrika ya Mashariki katika kazi hiyo. Sahani ya santuri ya siku zile ilibeba dakika tatu au zaidi kidogo kila upande. Wimbo uliozoea kutanda nusu ya usiku, ukirefushwa kwa kurudiwa na kwa vijibu vya ala, ulipasa kukatwa uingie humo. Ni mwanamuziki anayejua kila kiungo cha wimbo tu ndiye awezaye kuamua kipi kiondolewe na wimbo ubaki umesimama.

Sahani hizo zilienea pwani yote na kuingia bara, zikapigwa katika migahawa na majumbani mwa waliokuwa na santuri. Kampuni nyingine zikaona faida na kuingia katika biashara hiyo. Zikaja pia kejeli. Watu walimsema sura yake na asili yake, na wapo waliotunga nyimbo za kumdharau. Naye alijibu kwa wimbo, kwa adabu na kwa ukali.

Huko ndiko kulikoanza hali ambayo sisi tunaishi ndani yake. Kabla ya sahani, asiyeimba wala kupiga alipaswa angalau kukaa karibu na wanaoimba. Baada ya sahani, muziki uliweza kusikika bila mtu yeyote kuwapo. Leo kijana wa Mpanda mjini, kati ya stendi na soko, husikia nyimbo nyingi kwa siku moja kuliko alizosikia jirani wa Siti kwa mwezi mzima. Kila bodaboda na kila duka lina spika yake. Sisemi kwamba hilo ni baya. Nasema kwamba kazi ya mwalimu imeongezeka, kwa kuwa mtoto aliyezungukwa na sauti mchana kutwa hujifunza kwanza kutozisikia.

Katika siku zake za mwisho Siti alizungumza na Shaaban Robert, mshairi na mwandishi mkuu wa Kiswahili, ambaye aliyakusanya maisha yake na kuyaandika katika kitabu Wasifu wa Siti binti Saad. Kitabu hicho kilisomwa na vizazi vya wanafunzi, na wanachuo watakaokiona maktabani wasikiache. Jarida la chama cha waandishi wa habari wanawake nchini, TAMWA, nalo lilipewa jina la Sauti ya Siti.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950, mwaka ule ule ambao reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda kwa ajili ya machimbo ya risasi. Wakati huo alikuwapo Unguja mwanamke mwingine ambaye alizijua nyimbo za Siti kwa kumsikiliza, akazishika kwa sauti yake mwenyewe, nzito na yenye mikwaruzo, na ambaye pia alipiga ngoma kwa mikono yake katika shughuli za unyago. Huyo alikuwa Fatuma binti Baraka, Bi Kidude. Aliendelea kuziimba, nchini na ng'ambo ya bahari, mpaka karibu na kufa kwake mwezi Aprili 2013, miaka zaidi ya themanini baada ya safari ya Bombay.